Draya ya Muleba Niliyoizeesha

Ninyi mnaoanza kushika bisibisi mwaka huu mna bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Mkikutana na mashine msiyoijua mnaipiga picha, na simu inawatajia ukoo wake wote. Sina kinyongo. Ningekuwa na simu ya namna hiyo nikiwa na umri wenu ningepunguza nusu ya makosa yangu, na nusu nyingine ningeifanya kwa haraka zaidi. Shida ni kwamba simu inasoma sura, na mashine za kukaushia nguo, draya kama tunavyoziita, hubadilishwa sura kila mara. Nimezitengeneza zaidi ya miaka thelathini, Bukoba mjini, Muleba na vijiji vya katikati, katika hospitali za misheni, nyumba za masista, hosteli na gesti. Sasa niko kwangu Nyanga, natunza migomba yangu na magoti yanayouma, na mmeniomba niwaandikie ninachokijua. Nitaandika kadiri ninavyokumbuka, msinidai mpangilio.

Mtu wa Dodoma anaweza kuuliza draya ni ya nini katika nchi yenye jua. Huyo hajakaa Bukoba mwezi wa nne. Hapa unaanika shuka Jumatatu, unaianua Alhamisi, na bado ukiikunja inakuachia maji mikononi. Nyumbani mtu anavumilia shati lenye harufu ya ukungu, lakini hospitali haiwezi. Magauni na mashuka ya chumba cha upasuaji lazima yakauke kabisa kabla ya kupelekwa kuua vijidudu. Ndiyo maana wamisionari walianza kutuletea draya tangu zamani, na kwao wakinunua mpya, zile kuukuu walizipakia kwenye kontena zikaja kwetu. Zilifika bila kitabu, na nyingine hata kibao cha kiwandani kilikuwa kimeng'oka. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujua hii ni ya lini na imebuniwaje. Usipojua hayo, hujui uagize kipuri gani wala uichomeke kwenye umeme wa namna gani.

Hilo la umeme nililijua kwa kuunguza. Aliyenifundisha kazi ni Ta Felisiani, yaani Mzee Felisiani, wa Kanazi, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye vidole vinene, aliyeweza kusali rozari nzima akifungua nati moja iliyoshika kutu. Mwezi wangu wa kwanza aliniachia draya ndogo kutoka Marekani akaenda kunywa uji. Nikaichomeka ukutani. Ilikuwa ya volti mia na kumi, nami nikaipa zaidi ya mara mbili yake, na ndani mlikuwa na kanzu nyeupe ya padri. Hita iliwaka nyekundu kwelikweli. Nikaona nimekuwa fundi, nikapiga mluzi. Ta Felisiani aliporudi alisimama mlangoni, akanusa.

"Deo, waitu," akasema kwa upole wa Kihaya, "nilikwambia uikaushe. Mbona umeichoma kama ndizi?"

Padri yule aliivaa kanzu ile bustanini miaka miwili, na kila aliponiona aligeuka ili nione mgongo wake vizuri.

Baada ya hapo Ta Felisiani alinikataza kugusa swichi yoyote mpaka nimeizunguka mashine nzima na kumweleza nilichoona. Wala hakutaka nimuulize mwenye mashine. Alisema wenye mashine hudanganya umri huku na huku. Anayetaka kuiuza huipunguzia miaka, na anayetaka misheni imnunulie nyingine huiongezea. Kulikuwa na mwenye gesti mmoja mjini aliyetuapia kwamba yake ni mpya, imetoka dukani Ulaya moja kwa moja. Ta Felisiani akafungua kifuniko cha nyuma, akavuta waya mmoja uliovikwa kitambaa cha kusokotwa, kile walichotumia kabla plastiki haijaenea. "Hii ilikuwa mpya," akamwambia kwa upole, "wakati mimi nasomea komunyo ya kwanza." Yule bwana alicheka mwenyewe, akatuagizia senene wa kukaanga sahani nzima, na tangu siku ile akawa mteja wetu wa kudumu.

Basi anzeni na waya. Waya wa kitambaa ni mzee. Waya wa mpira uliokauka ukapasuka ni wa makamo. Waya wa plastiki wenye namba ndogondogo ni kijana. Kisha tazameni vichwa vya skrubu. Mashine za zamani zimefungwa kwa skrubu za mstari mmoja, baadaye zikaja za msalaba, na zile za nyota zenye pembe sita ni za juzi. Ila chunguzeni kama kichwa kimechubuka, maana skrubu moja ya kigeni katikati ya nyingine haisemi lolote kuhusu kiwanda. Inasema tu kwamba fundi mwenzenu aliwahi kupita hapo na haraka zake. Vitasa vyeusi vizito, vinavyotoa harufu kali ukivisugua kwa kidole gumba mpaka vipate joto, ni vya kale. Vitasa vyepesi vinavyobonyea ni vya siku hizi.

Mlango nao unasema. Za mwanzo zilikuwa na mlango wa bati tupu, kioo kilikuja baadaye. Na pipa linavyozunguka ni ushahidi ambao simu haiwezi kuupiga picha. Pipa la zamani linazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo ukiweka mashuka sita unatoa kamba moja nene ambayo katikati yake bado mbichi. Waliobuni za baadaye walilijua tatizo hilo, wakalifanya pipa lizunguke kulia kisha lirudi kushoto. Pale Kaagya, kwa masista, nilikuta kitu cha kale kuliko vyote, kabati la chuma lenye reli za kuvuta nje. Unatundika nguo, unasukuma ndani, na maji ya moto kutoka tanuri la kuni yanapita kwenye mabomba chini yake. Halina pipa, halina mota. Mafundi vijana walitaka kulitupa. Mimi niliziba bomba moja lililovuja, na mara ya mwisho nilipopita bado lilikuwa linakausha soksi za nyumba nzima.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni vumbi la nguo, zile nyuzi laini zinazoganda nyuma ya pipa mahali pasipofikiwa na mfagio. Wengi wenu mnalipuliza na kulisahau. Likateni kwanza kwa kisu mlitazame. Kwenye hosteli moja ya Walutheri nilikuta tabaka la juu la bluu, chini yake rangi ya damu ya mzee, na chini kabisa kijivu. Nikamwita mwalimu mlezi, nikamuuliza sweta za wanafunzi zimewahi kuwa na rangi zipi. Akanitajia zote tatu na mwaka wa kila badiliko, na hapo nikajua draya ile ilianza kazi lini, tena vizuri kuliko kibao chochote kingeweza kunieleza. Mwalimu akanitazama kama mganga wa kienyeji. Nilimwacha aamini hivyo kwa dakika moja, ndipo nikamwonyesha.

Mnaona ninavyojisifu. Sasa ngoja niwape na la aibu.

Ta Felisiani alikuwa keshatutoka. Mimi ndiye niliyekuwa naitwa mkubwa wa draya mkoani, na jina lilikuwa limeanza kunipanda kichwani. Masika moja nikaitwa Muleba, kwenye hospitali ya misheni ambayo sitaitaja. Walikuwa na draya moja tu kubwa, nayo ilikuwa imeacha kutoa joto mvua zikiwa zimechachamaa. Mashuka ya upasuaji hayakukauka. Kina mama wa dharura walihudumiwa kwa mashuka yaliyokaushwa kwa pasi, moja moja, lakini wagonjwa wa ngiri na uvimbe walikuwa wanarudishwa nyumbani wangoje. Msimamizi wa hospitali, Sista Benigna, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, alinipokea getini mwenyewe.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya Ma Paskazia, mjane wa kijiji cha jirani, aliyefua pale zaidi ya miaka ishirini. Siku hiyo kulikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Mganga mkuu alikuwepo, na pia injinia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kwa ajili ya mashine ya eksirei, akaona apite atazame. Wote wakanipisha njia. Draya ilikuwa imepakwa rangi ya kijani ya wodini, maana askofu alipokuja kutembelea, kila kitu kisichoweza kukimbia kilipakwa rangi iliyobaki. Kibao hakikuwepo. Mgongo wake ulikuwa umesukumwa ukutani, na bomba la kutolea joto limezungushiwa saruji.

Nikafungua mlango, nikaingiza mkono kwenye pipa, nao ukatoka umejaa kutu. Bati la zinki lilikuwa limeliwa pande zote, limekwaruzwa, lina madoa meusi.

"Zinki haifikii hali hii kabla ya miaka arobaini," nikatangaza.

Yule injinia akatikisa kichwa kukubali. Nilipaswa kuvunja ile saruji nitazame nyuma, kama nilivyofundishwa. Lakini kuvunja saruji kunataka nyundo, vumbi na jasho, na mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe mbele ya mtu wa Dar es Salaam. Nikaketi, nikaandika ripoti: umri zaidi ya miaka arobaini, vipuri havitengenezwi tena, mashine ifutwe. Nikatia sahihi. Sista Benigna aliisoma mara mbili, akasema kwamba mnunuzi wa chuma chakavu angeitwa Ijumaa, na kwamba hajui ni lini Mungu angewapa nyingine. Kabla sijaondoka nikamwomba niichukue mota, iwe kipuri. Akakubali.

Jumatano nikarudi na patasi. Ma Paskazia alikuwa peke yake, anapiga pasi shuka lililokuwa linafuka mvuke.

"Ta Deo, waitu, huwezi kuitoa hiyo mota kwa mbele?" akaniuliza.

"Kwa mbele haitoki, Ma Paskazia."

Nilipokuwa navunja saruji nilisikia pasi imewekwa chini.

Kifuniko kilipofunguka niliona waya wa plastiki wenye namba. Niliona skrubu za nyota. Nikapangusa kapasita ya mota, nikasoma mwaka uliopigwa muhuri, na ulikuwa mwaka ule binti yangu wa mwisho alipopata kipaimara. Binti huyo siku hiyo nilipousoma alikuwa bado chuoni. Mashine niliyoiandikia miaka arobaini ilikuwa na miaka kumi, kumi na mmoja hivi. Kisha nikainama nimulike chini ya pipa, na njia ya hewa ilikuwa imezibwa na maganda ya kahawa. Yalikuwa mengi, yameshikamana na vumbi la nguo, na katikati kulikuwa na punje nzimanzima zilizokauka vizuri sana.

Nilianza kucheka. Kisha nikageuka, nikamwona Ma Paskazia amekaa juu ya kapu la mashuka, mikono mapajani, nikaacha.

"Ni Jumapili tatu tu," akasema. "Vuli iliyopita. Unakumbuka mvua zilivyowahi? Kahawa yangu ilikuwa imeota ukungu kwenye mikeka. Chama cha ushirika hawapokei kahawa ya ukungu, wanakurudishia mbele ya watu. Nikaitia kwenye foronya, nikafunga kwa uzi. Mbili zikapasuka ndani."

"Kahawa mbichi, Ma Paskazia! Na mawe yake!"

"Nilijua ni dhambi, waitu. Sikujua ni sumu ya bati."

Hapo nikaelewa kila kitu. Maji ya kahawa mbichi ni makali, yalikuwa yameila zinki, vichangarawe vya kutoka uwanjani vikakwaruza, na pipa la miaka kumi likapata uso wa kikongwe. Maganda yaliyobaki ndiyo yaliyoziba hewa mpaka fyuzi ya joto ikakata. Hapakuwa na ugonjwa mwingine wowote.

Ma Paskazia akasimama, akanisogelea. "Usinitaje, Ta Deo. Unajua habari ya dereva."

Niliijua, kila mtu Muleba aliijua. Mwaka uliotangulia dereva wa hospitali alikutwa amepakia mikungu ya ndizi zake kwenye gari la wagonjwa, na Sista Benigna alimfukuza siku hiyohiyo. Sheria ilikuwa moja kwa wote. Ma Paskazia alikuwa analea wajukuu watatu kwa kazi ile, na kwa umri wake nani mwingine angemwajiri?

Niwaambie ukweli wote, kwa kuwa ndiyo sababu ninaandika. Ningeweza kufunga kile kifuniko nikanyamaza. Mashine ingeondoka Ijumaa, yeye angebaki na kazi, na mimi ningebaki na jina langu. Ombi lake na kiburi changu vilikuwa vinanivuta upande mmoja, na jambo hilo liliniogopesha. Maana wagonjwa wa ngiri walikuwa hawajui lolote kuhusu foronya wala shati jeupe, wao walikuwa wanarudi nyumbani wakitembea wameinama.

Nikaondoa maganda yote kwa mkono, nikapuliza njia ya hewa, nikaweka fyuzi mpya niliyokuwa nayo mfukoni mwa begi. Nikawasha. Joto likaja baada ya muda mfupi tu. Sijawahi kusikitika mashine kupona kama siku ile.

"Nitasema nimekosea mimi," nikamwambia. "Jina lako halitoki kinywani mwangu."

Ofisini kwa Sista Benigna nilibaki nimesimama. Nikamwambia draya si ya miaka arobaini, ni ya kumi na kitu, inafanya kazi, na kwamba ripoti yangu ni ya uongo kwa sababu sikutazama nyuma.

"Wewe, Ta Deo, usitazame nyuma?"

"Nilikuwa najionyesha, Sista."

Akaivuta ripoti kutoka kwenye faili. "Hapa umeandika zinki yote imeliwa. Hilo nalo ulikuwa unajionyesha?"

"Hilo ni kweli. Imeliwa."

"Na nini?"

Nikanyamaza. Akaniuliza tena, polepole. Nilijiona mjinga, mzee mzima nimesimama kama mtoto aliyevunja kikombe. Ndipo mlango ukagongwa, akaingia Ma Paskazia. Alikuwa amevua aproni yake, ameikunja vizuri, ameishika kifuani.

"Imeliwa na kahawa yangu, Sista," akasema, na akaeleza yote, Jumapili tatu, foronya, ukungu na chama, bila kujipunguzia hata kidogo. Aproni akaiweka mezani.

Sista Benigna aliitazama ile aproni. "Jumapili chumba kile kinafungwa," akasema. "Uliingiaje?"

"Ufunguo unatundikwa kwenye msumari nje, Sista. Anayetaka anachukua."

Sista akainuka, akatoka, nasi tukamfuata koridoni mpaka chumba cha kufulia. Akaingiza mkono kwenye pipa, akautazama ulivyotoka. Akaniashiria niwashe, akasikiliza mashine inavyozunguka. Kisha akatoka mlangoni, akauchukua ule ufunguo kwenye msumari.

"Yule dereva nilimfukuza," akasema, "na aliyekuja baada yake nikamkuta na mkaa. Kumbe funguo za gari zilikuwa zinakaa mahali popote." Akamgeukia Ma Paskazia. "Kuanzia leo huu ni wako peke yako. Mtu akiutaka, mimi nikiwemo, akuombe wewe. Na kikiingia humu kitu kisicho nguo, sitamuuliza mwingine."

Akamwekea ufunguo mkononi, akamfunga vidole. Kwangu alisema neno moja tu, kwamba ripoti niiandike upya palepale, na kosa niliandike kwa jina langu kamili. Niliandika juu ya meza ya kupigia pasi, huku mvua inapiga bati. Sijawahi kuandika ripoti fupi namna ile, wala iliyonipa raha namna ile nilipomaliza.

Ma Paskazia hakuwa amelia alipokiri, wala alipoiweka aproni mezani. Sista alipokwisha kuondoka ndipo machozi yalipomtoka, akayafuta kwa kona ya shuka la upasuaji, akakumbuka ni la upasuaji, akalirudisha kwenye kapu la kufuliwa.

"Kufukuzwa ningekubali, Ta Deo," akaniambia. "Nilishajiandaa njiani. Huu ufunguo ndio sikujiandaa nao."

Kisha akajaza pipa mashuka, akawasha, akasimama mbele ya kioo akiyatazama yanavyozunguka. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, umefumbata ufunguo, na hata muda ulipotimia hakuutoa. Mlango aliufungua kwa kushoto.